Mguu Kwanza, Karatasi Baadaye

Siku niliyoripoti kazini, Mwalimu Mkuu hakuomba kuona cheti changu. Alitazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino kifupi nilivyonunua mjini Mwanza baada ya kushuka melini kutoka Bukoba, navyo vilikwisha jaa mchanga wa njia ya kutoka kivukoni Kamanga.

"Shikamoo, Mwalimu," nilimsalimu.

"Marahaba. Hivyo ndivyo viatu ulivyo navyo?"

"Ninavyo na vingine vya wazi."

"Kesho vaa hivyo vingine. Hapa tunatembea."

Ndipo akapokea barua yangu ya kupangiwa kituo, akaisoma hadi mwisho, akaitia kwenye faili. Nilikuwa mwalimu wa Daraja la Tatu A, maana yake nilimaliza kidato cha nne kisha nikasoma ualimu miaka miwili chuoni. Nilitoka katika familia ya Kilutheri ya wakulima wa migomba na kahawa, na sikujua hata neno moja la Kisukuma. Sikuona kama ni tatizo. Chuoni tulifundishwa kwamba Kiswahili kinatosha nchi nzima.

Shule ilikuwa upande wa Sengerema, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu kutoka gatini Kamanga. Ilikuwa na madarasa manne: matatu ya matofali ya udongo, moja la miti iliyokandikwa. Kijiji kilikuwa kipya kuliko shule. Watu walikuwa wametolewa kwenye miji yao iliyotawanyika mbugani, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara ili wawe kijiji cha ujamaa. Nyumba nyingi bado zilikuwa hazijapigwa lipu, na nyuma ya baadhi yake ng'ombe walifungwa kwenye mazizi yaliyojengwa kwa haraka.

Walimu tulikuwa watano. Mwalimu Mkuu alikuwa Mkerewe wa makamo, aliyesomea kazi hii kwa wamisionari, mtu wa maneno machache, mwenye baiskeli aliyoisukuma zaidi kuliko alivyoipanda. Kila mwalimu alipewa wajibu mmoja nje ya kufundisha. Mmoja alisimamia shamba la pamba la shule, mwingine michezo, mwingine stoo. Mimi nilikabidhiwa wazazi.

"Una mwandiko mzuri," alisema. "Wazazi wajue watoto wao wanafanya nini hapa. Na sisi tujue watoto wanatoka wapi. Utaona mwenyewe namna ya kufanya."

Nieleze kidogo vyombo vya kazi hiyo, kwa sababu vijana mnaofundisha leo mna simu. Sisi tulikuwa na daftari la mahudhurio, ambamo jina la mtoto liliwekewa alama asubuhi na mchana. Tulikuwa na shajara, kitabu kikubwa ambamo Mwalimu Mkuu aliandika kila jambo la siku: mgeni, mvua iliyoezua paa, nyoka chooni. Tulikuwa na Kamati ya Shule, wazazi waliochaguliwa na kijiji. Na tulikuwa na balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa kila kundi la kaya kumi, ambaye kupitia kwake barua zote za shule zilifika nyumbani.

Nilianza kwa bidii. Katika miezi mitatu ya kwanza niliandika barua nyingi kuliko nilizoandika maisha yangu yote kabla ya hapo. Niliandika kwa mtindo wa kiofisi, kwa kuwa ndio niliofundishwa. Juu kulia jina la shule. Chini yake neno *Yah*, yaani yahusu, kisha kichwa cha habari kwa herufi kubwa, kikipigiwa mstari kwa rula. Mwisho sahihi na muhuri. Nilizipenda barua zangu. Majibu hayakuja, na wazazi niliowaita hawakufika ila wachache, nao walisimama mlangoni kama watu waliokuja polisi.

Katika darasa la tano palikuwa na msichana aitwaye Minza, binti wa Mzee Mabula. Alikuwa mwembamba, mkimya, na alifanya hesabu kichwani kabla sijamaliza kuziandika ubaoni. Wakati wa kazi za shambani yeye ndiye aliyepima matuta kwa hatua na kusema yatabaki mangapi. Nilitaka abaki alasiri apate masomo ya ziada, lakini alasiri alichota maji na kuangalia ndama. Ilibidi baba yake akubali. Nikamwandikia barua.

Naikumbuka neno kwa neno. *Yah: Mwanafunzi Minza Mabula. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Napenda kukutaarifu kuwa mwanafunzi aliyetajwa ana uwezo mkubwa katika somo la Hesabu. Unatakiwa kufika ofisini Jumatatu saa mbili asubuhi bila kukosa.* Nikagonga muhuri, nikampa balozi.

Jumatatu hakuna aliyefika. Minza naye hakuja. Hakuja Jumanne, wala juma lililofuata. Niliandika barua ya pili yenye maneno makali zaidi.

Mwalimu Mkuu alinisimamisha barazani. "Yule msichana wa hesabu yuko wapi?"

"Hajaja siku kumi na moja, Mwalimu. Nimewaandikia tena."

"Umekwenda?"

"Nimeandika barua ya pili."

"Nimeuliza kama umekwenda."

Sikuwa nimekwenda. Nilikuwa naona haya, maana nikifika nyumbani kwa mtu nisingeweza hata kumsalimu kwa lugha yake.

Wakati ule kila mwalimu alifundisha pia kisomo cha watu wazima. Mara tatu kwa juma, saa tisa alasiri, akina mama na wazee walikaa kwenye madawati ya watoto wao, magoti yamewapanda kifuani, wakajifunza kusoma silabi. Mama yake Minza alikuwa katika kundi langu. Alikuja siku zote na mtoto mchanga mgongoni, na hakuwahi kuniambia kwamba Minza ni wake. Mimi nilimjua kwa jina la kifungua mimba wake, sikuunganisha.

Alasiri moja wenzake walipoondoka yeye alibaki. Akafungua pindo la khanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Niliutambua muhuri kabla ya kitu kingine chochote.

"Mwalimu," alisema, "nifundishe hii."

"Hajakusomea mtu?"

"Nyumbani hakuna anayejua, ila Minza, na baba yake alikataa aishike. Balozi alisema tu, serikali inamwita Minza."

Nikakaa kando yake. Nikamwekea kidole kwenye mstari wa kwanza, akaanza kuvuta silabi moja moja. Jina la mtoto alilisoma haraka, akatabasamu kidogo, kisha uso ukarudi ulivyokuwa. Alipofika katikati alikwama, akarudia, akakwama tena. "U-we-zo. M-ku-bwa." Akaninyanyulia macho.

"Uwezo mkubwa ni kosa gani?"

Nilimwambia si kosa. Nilimwambia kwa Kiswahili chepesi nilichoweza kwamba mwanawe ana akili ya hesabu kuliko watoto wote wa shule, na kwamba barua ile nzima ilikuwa ya kumsifu. Aliirudia karatasi kwa kidole. Halafu akauliza:

"Sasa mbona haisemi hivyo?"

"Minza yuko wapi, mama?"

"Bujora, ng'ambo ya ziwa, kwa shangazi yake. Baba yake alimvusha siku ileile."

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Mzee Mabula kwa miguu, na viatu vyangu vya wazi. Njiani nilijifunza salamu kwa mwanamke aliyebeba kuni. Mzee nilimkuta akisokota kamba ya ng'ombe. Alikuwa mrefu, mwenye ndevu chache za mvi. Nilipiga goti kama tunavyofanya kwetu, nikasema "Mwangaluka," na bila shaka niliitamka vibaya, maana watoto walicheka. Yeye hakucheka. Alijibu, akaniletea kigoda.

Nilimweleza maneno ya barua. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiendelea na kamba.

"Mwalimu," alisema, "karatasi ya kwanza kuja kwangu yenye mhuri ilisema nihame. Nikahama. Nyumba yangu ya zamani ilikuwa na kivuli na maji karibu. Karatasi ya pili ilisema ng'ombe wahesabiwe. Wakahesabiwa. Hii balua yako" (aliitamka hivyo, kama wenyeji wengi) "ni ya tatu, na imekuja na jina la binti yangu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningemvusha," nilisema.

Hapo ndipo aliponitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Aliniuliza kwetu ni wapi, na kama baba yangu bado yu hai. Akaita maziwa yaletwe. Kuhusu Minza hakuahidi kitu.

Nilirudi nikamweleza Mwalimu Mkuu kila kitu, nikitegemea karipio. Aliomba nakala ya ile barua, akaisoma kwa makini kama alivyosoma ile yangu ya kupangiwa kituo.

"Imeandikwa vizuri sana," alisema. "Lakini hukumwandikia Mabula. Uliliandikia faili."

Siku ya tisa baada ya hapo Mzee Mabula alimrudisha binti yake mwenyewe. Walivuka Kamanga asubuhi na kutembea moja kwa moja mpaka shuleni. Alisimama ukingoni mwa uwanja, hakuikaribia ofisi. Mwalimu Mkuu alitoka, akaisukuma baiskeli yake uwanja mzima, akamwamkia pale aliposimama. Walizungumza Kisukuma, na sikujua walisema nini. Minza aliingia darasani akakaa mahali pake. Masomo ya alasiri alipata, ila kwa sharti la baba: ndama waangaliwe na mdogo wake, na mwalimu afike nyumbani kila mwisho wa mwezi kusema anaendeleaje.

Kuanzia hapo Mwalimu Mkuu aliweka kanuni. Hakuna karatasi itakayotoka shuleni kwenda kwa mzazi ambaye mwalimu hajafika kwake walau mara moja. "Mguu kwanza, karatasi baadaye," alituambia kwenye kikao, akaiandika katika shajara. Walimu wenzangu walinung'unika, nami sikuwalaumu. Tuligawana mabalozi, kila mwalimu maeneo matatu au manne. Nilijifunza Kisukuma cha salamu, cha misiba na cha mvua. Nilijifunza kwamba ukifika wakati wa palizi usikae, shika jembe na useme huku unalima. Nilijifunza pia kwamba mama akiambiwa jambo baya la mtoto mbele ya mume wake, humsikii tena.

Tulianzisha siku ya wazazi, mara moja kila muhula. Watoto walikaa kwenye madawati, wazazi wakapita wakionyeshwa madaftari. Siku ya kwanza bibi mmoja Mkatoliki aliliona daftari la mjukuu wake limejaa alama za kukosa, ile mistari miwili inayopishana. Akafurahi mno. "Huyu mwalimu anamwombea sana mtoto wangu," alisema. "Misalaba ukurasa mzima!" Tangu siku hiyo tulikubaliana kuwa mwalimu akae karibu na daftari aeleze. Usimwachie mzazi alama peke yake.

Minza alimaliza la saba, akachaguliwa kwenda sekondari ya wasichana. Nilisikia baadaye kuwa alikuja kuwa karani wa chama cha ushirika. Sikumwona tena.

Baada ya miaka mitano nilipata barua ya uhamisho kwenda shule moja si mbali na Kisesa, nchi kavu, upande wa barabara ya Magu. Nilikuwa nimeolewa na fundi seremala wa kwetu aliyefanya kazi mjini, na uhamisho ule ulinisogeza karibu naye. Mwalimu Mkuu wa huko alikuwa kijana, msemaji, mwenye suti nadhifu ya mikono mifupi. Alikuwa amesikia habari zangu.

"Wewe ndiye mwalimu wa wazazi," alisema. "Hapa utanisaidia. Nahitaji nguvu kazi."

Aliipata. Wazazi wa shule ile walifyatua matofali, wakayachoma, wakajenga madarasa mawili na nyumba ya mwalimu kwa kujitolea. Wanawake walibeba maji kutoka mbali kwa ajili ya udongo. Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Mzee Shija, mkulima wa pamba mwenye mguu mmoja uliopinda, alikuwa wa kwanza kufika kila Jumamosi. Na katika kila mkutano Mwalimu Mkuu aliwaahidi jambo lilelile: jengeni, watoto wenu watakwenda sekondari. Mimi nilikaa pembeni nikitafsiri nilipoweza. Sikumpinga, ingawa nilijua ya kuwa nafasi ni chache na zinagawanywa kwa shule nyingi.

Matokeo ya darasa la saba yalipofika, hakuchaguliwa hata mtoto mmoja.

Mwalimu Mkuu alinionyesha orodha, kisha akaifungia kwenye mtoto wa meza. Wazazi walipouliza, alisema hayajaja. Juma likapita, la pili, la tatu. Shule za jirani zilikwisha tangaza. Maneno yakaanza sokoni Kisesa kwamba nafasi zetu zilikuwapo na zimeuzwa kwa watu wa mjini. Jumamosi ya nne hakuna mtu aliyekuja kwenye ujenzi. Jumatatu iliyofuata madarasa yalikuwa nusu. Jumatano robo.

Mwalimu Mkuu aliniita. Mratibu Elimu Kata, afisa aliyesimamia shule zote za kata yetu, alikuwa amekaa kando yake.

"Waandikie wazazi," Mwalimu Mkuu alisema. "Sema matokeo yanashughulikiwa wilayani, watoto warudi darasani."

"Siwezi kuandika hivyo, Mwalimu."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki."

Mratibu alikohoa. "Mwalimu, mambo ya matokeo ni ya ofisi. Wazazi huambiwa kwa kadiri. Ukiwamwagia yote watavunja shule."

"Wameshaanza kuivunja, mheshimiwa. Watoto hawapo."

Nilitolewa nje. Sikwenda kwa wazazi nyuma ya mgongo wa mkuu wangu, jambo hilo nililiona si halali. Lakini kesho yake alasiri Mzee Shija alikuja nyumbani kwangu na wazee wawili na mwanamke mmoja mzee, Bi Holo, aliyelea wajukuu wanne peke yake. Hawakukaa.

"Mwalimu," Mzee Shija alisema, "tumekuja na swali moja tu. Matokeo yamefika au hayajafika?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kumwelekeza kwa Mwalimu Mkuu. Nilikuwa na mimba ya miezi sita na nilihitaji kituo kile. Hofu niliyokuwa nayo naikumbuka hadi leo.

"Yamefika," nilisema.

Ijumaa mkutano uliitishwa na wazazi wenyewe, uwanjani. Mwalimu Mkuu alitoka na orodha mkononi kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Alisoma alama za watoto wote, jina kwa jina, kwa sauti iliyokuwa ikipungua. Alipomaliza, hakuna aliyepiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele.

Bi Holo akasimama. "Kwa hiyo watoto wetu wameshindwa. Hawakuibiwa?"

"Hawakuibiwa, mama," Mwalimu Mkuu alisema.

"Haya. Aliyeshindwa anafundishwa. Aliyeibiwa ndiye harudi." Akakaa.

Kisha wakaanza kuuliza, mmoja baada ya mwingine, maswali ambayo sisi walimu hatukuwahi kuulizana. Kwa nini alama za hesabu ziko chini kuliko zote? Ikabidi tuseme kwamba kwa sehemu kubwa ya mwaka darasa la saba halikuwa na mwalimu wa hesabu. Kwa nini hatukuambiwa? Watoto walikuwa shambani siku ngapi wakati wa kuvuna pamba? Tukafungua daftari, tukawasomea. Mzee Shija alisema palepale kwamba msimu ujao pamba ya shule itavunwa na wazazi, watoto wabaki darasani. Wakanyoosha mikono wakakubali. Jumatatu madarasa yalikuwa yamejaa.

Mwalimu Mkuu sikumchukia. Alikuwa ameahidi kitu kisichokuwa chake, kisha akaogopa. Mtu akiogopa hufunga mtoto wa meza. Lakini taarifa aliiandika, nami nikapata barua ya onyo kwa kukiuka taratibu, na kabla ya muhula kwisha nikapata ya uhamisho. Afisa Elimu wa Wilaya aliyenikabidhi barua ile alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani mizito. Aliniangalia tumbo, akaniangalia usoni.

"Ulikosea utaratibu," alisema.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Ningekuwa na mtoto pale, ningekuja kukuuliza mimi mwenyewe." Akaniwekea saini niende mjini, kwa mume wangu.

Mjini Mwanza nilifundisha miaka iliyobaki yote, katika shule iliyo chini ya vilima vya mawe, na hakuna mengi ya kusimulia. Wazazi walikuwa makuli wa bandarini, wafanyakazi wa viwanda, akina mama wauza samaki. Wengi walijua kusoma, lakini hawakuwa na saa. Tukabadili mikutano ikawa Jumapili baada ya ibada. Nilikuja kuwa Mwalimu Mkuu Msaidizi, kisha ofisi ya wilaya ikanipa kazi ya kuzunguka shule nyingine kuwafundisha walimu namna ya kuzungumza na wazazi. Niliwaambia niliyoyaeleza hapa. Walimu waliandika kwenye madaftari yao, na wengi wao, naamini, waliyatumia.

Nilistaafu nikiwa na afya njema. Niliagwa kwa hotuba, na hotuba zote zilisema nilikuwa daraja kati ya shule na nyumba. Niliamini hivyo kwa miezi michache.

Kisha binti yangu wa kwanza, Kokugonza, ambaye sasa ni muuguzi na ana watoto wake, alikuja kunitembelea. Tulikuwa tunachambua maharage. Akacheka akasema, "Mama, unajua mimi mpaka darasa la nne nilikuwa sijui kusoma?"

Nilidhani ni mzaha. Alikuwa akisoma kwa sauti kila alipoambiwa, nami nilikuwa namsikia nikisahihisha madaftari.

"Nilikuwa nakariri," alisema. "Nilimsikiliza mwenzangu shuleni, nikija nyumbani nakusomea kichwani. Kitabu nilikuwa nakishika tu. Mwalimu wangu ndiye aliyegundua. Alinifundisha peke yangu, mwaka mzima, wakati wa mapumziko."

Mwalimu wake nilimfahamu vizuri. Wanangu hawakusoma katika shule yangu, walisoma ile iliyo jirani na nyumba yetu, na yeye alifundisha pale miaka mingi. Alikuwa amehudhuria mafunzo yangu mara mbili, akikaa mstari wa mbele. Naye alikwisha staafu, alikuwa anaishi Nyakato. Nilimfuata siku ya Alhamisi. Nilimkuta akimwagilia mchicha. Alinikaribisha kwa heshima nyingi, akaniwekea kiti chenye mto.

"Mwenzangu," nilimwambia, "Kokugonza amenieleza. Mwaka mzima ulijua. Mbona hukuniambia?"

Aliweka kopo la maji chini.

"Nilikuogopa, Mwalimu," alisema. "Ningekuja nikuambie nini? Wewe ndiye uliyekuwa ukitufundisha namna ya kuwaambia wazazi. Nami nije nikwambie mtoto wako hajui kusoma?"

Katika miaka yangu yote ya kazi sikuhudhuria hata mkutano mmoja wa wazazi katika shule ya wanangu. Jumapili zao zilikuwa Jumapili zangu. Nao walimu wa pale waliniandika miongoni mwa waliohudhuria bila kuniona, kwa sababu mimi ni mwalimu, najua.

Vijana mnaoanza kazi hii mtapewa maelekezo mengi, na mengi yatakuwa mazuri. Sina la kuongeza juu yake isipokuwa hili lililonipata uzeeni. Mzazi mnayemheshimu mno, mnayedhani anajua, huyo ndiye hajaambiwa.

Mwalimu yule alipika chai. Nilimwomba aniambie sasa, yote, kama ambavyo angemwambia mama yeyote wa pale mtaani. Alisita, akajifuta mikono, akaketi mbele yangu. Akaanza na siku ya kwanza alipomwona mtoto anashika kitabu juu chini. Akanieleza silabi zilizomshinda, na siku alizolia, na mchana mmoja alioficha madaftari yake nyuma ya choo asije akaitwa mbele. Hakunipunguzia kitu. Mimi nilikaa, mikono mapajani, nikisikiliza habari za mwanangu.